Kitamutamu cha Matunda Bila Ngano, Yai wala Maziwa: Kweli au Uongo?

Mtoto wa kaka yangu ana miaka tisa na hali ngano. Akila, utumbo wake unaumia. Alipimwa damu na ikathibitika. Binti yangu naye, tangu aingie chuoni, ameacha nyama, mayai, maziwa na hata asali. Kila msimu wa embe hawa wawili hukutana nyumbani kwangu Tanga, na mimi sikubali mtoto akae mkekani akiwatazama wenzake wakila vitamu. Kwa hiyo huoka sufuria moja ambayo kila mtu anaweza kutia kijiko: ndizi mbivu na embe dodo chini, tui kidogo, na juu yake chenga za unga wa ulezi, karanga na machicha ya nazi.

Sufuria haijapoa, maneno yameshaanza. Haitashika bila yai. Nazi ina kolesteroli. Mwenye kisukari asisogee. Tunda baada ya wali litamwozea tumboni. Wewe pia umeshayasikia, kwa mama mkwe, kwa jirani, au kwenye simu saa tano usiku kwa sauti ya mtu anayejiita daktari. Nimeyakusanya na kuyapima moja moja. Mengi yameanguka. Machache yamesimama, na yaliyosimama karibu yote tuliachiwa na bibi zetu.

"Bila yai na siagi, kitu hakiokeki."

UONGO.

Yai lina kazi tatu kwenye keki: hushikanisha, huinua na hutia unyevunyevu. Siagi hulainisha na kutia ladha. Ukijua kazi, unajua pa kupata kibarua mwingine. Ndizi mbivu iliyopondwa, robo kikombe kwa kila yai moja, hushika na kutia unyevu. Kijiko kikubwa cha mbegu za kitani zilizosagwa, kikikorogwa na vijiko vitatu vya maji na kuachwa dakika kumi, hufanya ute unaovutika kama wa yai. Kuinua ni kazi ya hamira, au ya magadi ya kuokea yakikutana na kitu kichachu kama ndimu au ukwaju.

Tena mbona pwani tumefanya hivi siku zote? Mkate wa kumimina ni mchele uliolowekwa, tui, hamira, sukari na hiliki. Wako wanaotia ute wa yai, lakini wengi hawatii, na mkate huumuka, hutoboka vishimo vyake vizuri na hukatika vipande bila kumwagika. Hakuna aliyeupa jina la kigeni. Ulikuwa mkate wa futari, basi.

Kwenye sufuria yangu ya matunda na chenga, yai halina hata nafasi ya kukaa. Matunda yanajishika yenyewe kwa utomvu wake, na chenga zinatakiwa zibaki chenga.

"Kisicho na gluteni kina afya zaidi kwa kila mtu."

UONGO.

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya chapati ivutike na mandazi yajae hewa. Mwenye ugonjwa wa siliaki akiila, kinga ya mwili wake hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba, na vile vinyweleo vinavyofyonza chakula hulala chini kama nyasi zilizokanyagwa. Duniani ugonjwa huu humpata takriban mtu 1 katika kila 100. Kwa huyo, kuacha ngano ndiyo dawa. Wapo pia wachache wanaosumbuliwa na ngano kwa njia nyingine.

Kwa aliyebaki, kuiacha hakumwongezei kitu. Mwaka 2017 jarida la BMJ lilichapisha uchunguzi wa watumishi wa afya wa Marekani zaidi ya 110,000 waliofuatiliwa miaka mingi: waliokula gluteni nyingi hawakuugua moyo zaidi kuliko waliokula kidogo, na watafiti wakaonya kwamba kuikimbia kunaweza kumnyima mtu nafaka zisizokobolewa, ambazo moyo unazihitaji. Kisha tazama kinachouzwa kwenye boksi lenye maandishi hayo: mara nyingi ni wanga mweupe wa mchele au viazi, sukari na mafuta. Unalipa mara tatu kwa biskuti yenye nyuzinyuzi kidogo kuliko kipande cha mkate wa ngano isiyokobolewa.

"Ugonjwa wa kukataa ngano ni wa Wazungu."

UONGO, na huu unaumiza watoto.

Mwaka 1999 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya kupimwa kwa watoto wa Kisaharawi, watu wa Sahara Magharibi. Karibu watoto 56 katika kila 1,000 walikuwa na siliaki. Hicho ni kiwango kikubwa kupita cha Ulaya, na hawa ni Waafrika wenzetu.

Ujuzi kwamba ngano ndiyo mkosaji ulithibitishwa na njaa. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa na wagonjwa waliokonda, matumbo yamevimba, wanaharisha bila kukoma. Majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, wakati wa vita, mkate uliadimika nchini mwake na watu wakala hadi vitunguu vya maua. Watu walikuwa wanadhoofika, lakini watoto wale wakapata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudi kitandani. Dicke alikuwa ameshaishuku ngano tangu kabla ya vita. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake juu ya jambo hilo, na tiba ya siliaki mpaka leo ni ile ile: acha ngano, shayiri na rai maisha yako yote.

Nakuomba jambo moja hapa. Kama unamshuku mwanao, usimwachishe ngano kwanza halafu umpeleke kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta askari wa mwili wanaoinuka kwa sababu ya gluteni. Ukishaiondoa, askari hupungua na kipimo huweza kusema hana kitu ilhali anacho. Apimwe akiwa bado anakula. Wifi yangu nusura afanye kosa hilo kwa mapenzi tu ya mama.

"Unga wa ulezi ni ulezi mtupu, hauwezi kuwa na ngano."

NUSU KWELI.

Ulezi, mtama, uwele, mahindi, mchele na muhogo havina gluteni hata chembe. Ulezi, ambao Kenya wanauita wimbi, una sifa nyingine: gramu 100 zake zina kalisi zaidi ya miligramu 300, kuliko maziwa ya ng'ombe kwa uzito huo huo, ingawa mwili hauifyonzi yote. Kwa ladha, una ule uzito unaokaribiana na kakao, na kwenye chenga za matunda sijaona unga unaoushinda.

Tatizo liko njiani. Ile mashine ya mtaani iliyosaga ulezi wako saa nne ilisaga ngano ya mtu saa tatu, na unga wa ngano umebaki kwenye mawe na kwenye mfuko wa kitambaa pale mdomoni. Kiwango cha kimataifa cha kuruhusu chakula kiitwe kisicho na gluteni ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Hiyo ni punje chache tu za ngano ndani ya kilo nzima. Ikizidi hapo, kwa wewe mwenye afya si kitu. Kwa mtoto wa kaka yangu ni siku tatu za maumivu.

Na unga wa lishe ndio mtego mkubwa. Pakiti nyingi huchanganya mahindi, mtama, soya, karanga na ngano kwa pamoja. Soma nyuma ya pakiti kabla hujaweka kikapuni. Mimi hununua ulezi wa punje, nauchagua kwenye ungo, nauosha, nauanika juani juu ya kitambaa safi, kisha nasaga kwa blenda yangu ambayo ngano haijawahi kuingia. Unatoka na chenga kidogo, na ndivyo ninavyoutaka.

"Muhogo mchungu usiolowekwa unaweza kukulemaza."

KWELI. Heshima kwa wazee.

Wanaotafuta unga usio na ngano hukimbilia muhogo, nao una haki ya kukimbiliwa: ni mweupe, hauna harufu, na hushika vizuri kuliko mchele. Lakini muhogo hauna huruma kwa mwenye haraka.

Ndani yake kuna kitu kiitwacho linamarini. Muhogo ukipondeka au ukivundikwa, kimeng'enya kilichomo humo humo huikata linamarini hiyo na kutoa sianidi. Sianidi ya namna hii huchemka kwenye nyuzi 26 tu, chini ya joto la mchana wa Tanga, ikapotelea hewani. Kwa hiyo kuloweka siku kadhaa, kuvundika, kuponda na kuanika ni kumpa muda yule mfanyakazi wa ndani amalize kazi yake. Ukiuruka muda huo ukakimbilia oveni, joto humuua mfanyakazi kabla hajamaliza na linamarini hubaki ndani ya kitamutamu chako.

Madhara yake yana jina. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa alioukuta Kongo, eneo la Kwango, ambao Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Hutokea ukame unapobana, muhogo mchungu unabaki chakula pekee na watu wanakatiza njia za maandalizi. Katika miaka ya 1980 ulitokea Tanzania, wilayani Tarime. Waliopata ni wanawake na watoto zaidi.

Baadaye wanasayansi wa Australia wakiongozwa na Howard Bradbury walitoa njia rahisi ya kuusafisha zaidi unga ambao umeshasagwa, nayo imetumika Kongo: changanya unga na maji, utandaze mwembamba kwenye mkeka, uuache juani saa mbili au kivulini saa tano, kisha upike siku hiyo hiyo. Nikinunua unga wa muhogo sokoni kwa mtu nisiyemjua, hivyo ndivyo ninavyoufanya. Kwa muhogo mtamu wa kuchemsha usihofu, ila hata huo menya vizuri. Maganda yana linamarini nyingi kuliko nyama yake.

"Karanga zenye ukungu, ukizikaanga zinakuwa salama."

UONGO. Zitupe.

Moto huua ukungu, hauui sumu uliyoiacha. Sumu hiyo, iitwayo sumukuvu, huvumilia joto linalozidi nyuzi 200, na oveni yangu huoka kwa 180. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Hayo yalikuwa mahindi, lakini karanga ni ndugu yake katika balaa hili. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hafi leo; ini lake ndilo linalolipa.

Sasa mkumbuke bibi na ungo wake. Anakaa kivulini, karanga mbele yake, vidole vinakwenda: iliyosinyaa kando, iliyobadilika rangi kando, iliyotobolewa na mdudu kando. Watoto tulimwona anapoteza muda. Wataalamu wa chakula wanamuunga mkono moja kwa moja, kwa sababu sumu haisambai sawasawa kwenye gunia, hujikusanya katika punje chache, na punje hizo mara nyingi ndizo zile zenye sura mbaya. Kuchagua kwa mkono huondoa sehemu kubwa ya sumu. Hakuna mashine ya nyumbani inayofanya vizuri kuliko hivyo. Kwa hiyo nunua karanga nzima, chagua mwenyewe, kaanga, kisha twanga. Zilizokwisha kutwangwa zikauzwa kwenye mfuko, huwezi kujua ni punje zipi zilizoingia kinuni.

"Nazi ina kolesteroli."

UONGO. Lakini usimimine bado.

Kolesteroli ni mali ya wanyama. Nazi haina. Ila mafuta yake, zaidi ya asilimia 80, ni yale yanayoganda, ambayo wataalamu huyaita yaliyoshiba, na haya hulipunguzia ini lako uwezo wa kuondoa kolesteroli mbaya kwenye damu. Kwa siagi mafuta ya aina hiyo ni karibu nusu ya uzito wake. Mwaka 2020 jarida la Circulation lilichapisha mjumuisho wa majaribio yaliyolinganisha mafuta ya nazi na mafuta ya mimea mingine kama alizeti na soya. Ya nazi yalipandisha ile kolesteroli mbaya. Kwa hiyo anayekuambia mafuta ya nazi ni dawa ya moyo, naye mtilie alama ya kuuliza.

Sisemi uache tui. Tui ni roho ya chakula chetu na silitupi kwa ajili ya mtu yeyote. Nasema lipime. Kwenye matunda ya kuoka tumia tui jepesi, la pili, nusu kikombe tu kwa sufuria nzima. Matunda yana maji yao. Tui zito la kwanza weka kijiko kimoja juu ya kipande wakati wa kula, ambako ulimi utalikuta zima zima. Kwenye chenga tumia mafuta ya alizeti.

Halafu machicha. Umeshakuna nazi, umeshaikamua kwenye kifumbu, na unataka kuwamwagia kuku? Rudi hapa. Sehemu kubwa ya mafuta imekwenda na tui, na kilichobaki mkononi kina nyuzinyuzi nyingi. Yakaange makavu kwenye moto mdogo mpaka yawe ya rangi ya kahawia hafifu na jiko zima linukie. Unga wa nazi unaouzwa bei ghali madukani hutengenezwa kwa mabaki ya namna hii hii.

"Asali, sukari guru na tende si sukari."

UONGO kwa mbili za kwanza, NUSU KWELI kwa tende.

Hapa ndipo neno "afya" linaposimama au kuanguka, kuliko kwenye ngano na kuliko kwenye yai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani takriban gramu 25 kwa mtu mzima. Asali inahesabiwa humo humo. Kama asilimia 80 ya asali ni sukari. Tena hairuhusiwi kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, na vegani, yaani asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama, haili. Sukari guru ina rangi, harufu na madini kidogo. Iliyobaki ni ile ile ya miwa.

Piga hesabu ya kitamutamu cha kawaida. Kikombe kimoja cha sukari ni gramu 200. Gawa vipande vinane: gramu 25 kila kipande. Mtu amemaliza fungu lake la siku kwa kipande kimoja, na chai bado haijaja. Hata kama hakina ngano, yai wala maziwa, usikiite cha afya.

Tende nzima ni tamu kweli kweli, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, lakini sukari hiyo imefungwa ndani ya nyuzinyuzi na haikimbilii damu kwa kasi ya sukari ya kopo. Tende sita zilizolowekwa na kupondwa zinatosha chenga za watu wanane. Hiliki, mdalasini na chembe ya chumvi hufanya kinywa kiamini utamu ni mwingi kuliko ulivyo. Hilo nalo bibi alilijua: hiliki ikipungua, mtu huongeza sukari bila kujua anatafuta nini. Na anayekuambia mdalasini unafuta sukari uliyokula, mwambie haufuti.

"Ndizi yenye madoa meusi imeoza."

UONGO. Hiyo ndiyo ya kuoka. Ukiacha maji, ndizi mbichi sehemu kubwa ni wanga. Ikiiva, wanga hugeuka sukari, na madoa ni dalili kwamba kazi imekamilika. Muuzaji jioni anakupunguzia bei, nawe unapata utamu usiohitaji kijiko cha sukari. Ndizi ya mzuzu ikiiva hadi kuwa nyeusi hukaa vizuri motoni bila kugeuka uji. Ikinuka pombe au ikitoa maji, hapo ndipo imeharibika.

"Mwenye kisukari asiguse tunda."

UONGO, pamoja na nia njema iliyomo.

Mwaka 2013 BMJ ilichapisha uchunguzi wa Wamarekani zaidi ya 187,000: waliokula matunda mazima zaidi, hasa zabibu, matofaa na buluberi, walipata kisukari cha aina ya pili kwa uchache. Waliokunywa juisi zaidi walikipata kwa wingi. Tunda lile lile, njia mbili, matokeo mawili. Juisi imeacha nyuzinyuzi kwenye chujio.

Aliyekwisha kuugua anahitaji kipimo, hahitaji kufukuzwa mkekani. Kipande kidogo, baada ya chakula chenye mboga na maharage, na apime sukari yake saa mbili baadaye aone mwili wake unavyojibu. Embe lina kama gramu 14 za sukari kwa kila gramu 100, papai kama 8. Ukimpikia mzee mwenye kisukari, badilisha nusu ya embe kwa papai lisiloiva sana. Kaka yangu mkubwa hula hivyo, na daktari wake anajua.

"Tunda baada ya chakula huozea tumboni."

UONGO. Tumbo lina asidi kali ambayo vijidudu vya kuozesha haviipendi, na halipangi foleni ya chakula kilichotangulia na kilichofuata. Hukoroga vyote pamoja. Ukihisi umejaa gesi, angalia wingi ulioula.

"Moto unaua vitamini zote za tunda."

NUSU KWELI.

Vitamini C hupungua kwa joto, hilo halina ubishi, na ndiyo maana mimi hukamulia ndimu mbichi juu ya kipande wakati wa kula. Lakini nyuzinyuzi hazikimbii, potasiamu inabaki, na ile rangi ya manjano ya embe na papai, ambayo mwili huigeuza vitamini A, hufyonzwa vizuri zaidi tunda likilainishwa kwa moto na kuliwa na mafuta kidogo. Embe na tui. Aliyeviweka pamoja mara ya kwanza hakuwa na maabara, lakini alikuwa sahihi.

"Bila oveni huwezi kuoka."

UONGO mkubwa kuliko yote, na umewafungia wengi mlango.

Oveni yangu hukatikiwa umeme mara kwa mara, na sufuria haijawahi kulala njaa. Kanuni ni ya zamani: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. KWELI tupu, na sababu yake iko wazi. Chini moto unagusa chuma na chuma kinagusa chakula, kwa hiyo joto linafika moja kwa moja; juu linapita hewani kwanza, linahitaji nguvu zaidi. Ukigeuza kanuni utaunguza chini na kula unga mbichi juu. Fanyia uani, si ndani ya nyumba, kwa maana moshi wa mkaa usioonekana huua.

Ninavyofanya ni hivi. Ndizi nne zilizoiva sana na embe mbili, vipande vya ukubwa wa kidole gumba, ndimu moja, nusu kikombe cha tui jepesi, vyote ndani ya sufuria pana yenye kitako kizito. Pembeni, kwenye bakuli: kikombe cha unga wa ulezi, nusu kikombe cha machicha yaliyokaangwa, nusu kikombe cha karanga zilizotwangwa, tende sita zilizopondwa, vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti, hiliki ya kutwanga na chembe ya chumvi. Finya kwa ncha za vidole mpaka zifanye chenga kama za mchele uliovunjika. Ziache robo saa. Hilo ni somo la mkate wa kumimina: nafaka isiyo na gluteni hunywa maji polepole, na isipopewa muda itakwaruza meno. Kisha mwaga chenga juu ya matunda bila kushindilia, funika, palia makaa. Dakika 35 hadi 40. Kwenye oveni ni nyuzi 180, muda huo huo, bila mfuniko.

Utajua kimeiva kwa sauti. Kwanza kinachemka chini kwa fujo, halafu sauti inazama, inakuwa nzito, na utomvu wa embe unaanza kupenya kandokando ya chenga, wa rangi ya chungwa, ukigeuka kahawia pale unapogusa chuma. Ondoa makaa ya juu. Subiri kipoe kidogo, maana utomvu huu unaunguza ulimi kuliko uji.

Mwaka huu nilipofunua, mtoto wa kaka yangu alikuwa ameshakaa karibu na jiko, kijiko mkononi, magoti yamegusa kidevu. Binti yangu alimpakulia kipande cha katikati, chenye embe nyingi. Akatikisa kichwa, akanyoosha kijiko kwenye ukingo wa sufuria, kule ambako ndizi ilikuwa imeshikana na ulezi.

"Shangazi," akasema, "mimi nataka ukoko."